Madoa ya Jezi za Manjano

Mimi, Smaranda Bratu wa Bukaresti,
dobi wa jezi za taifa kwa miaka thelathini na minane,
sikuwahi kukata tiketi.
Mechi nilizisoma Jumatatu, kwenye beseni.

Wengine wana daftari za alama, tarehe, nani alitia trai.
Wabaki nazo.
Mimi nina madoa.

Kazi nilirithi kwa Paraschiva,
mikono imechunwa na magadi hadi viwikoni,
aliyeanza kufua nchi ingali na mfalme.
Zamani, akasema, jezi zilikuja na masizi:
nusu ya timu ni mafundi wa reli,
wametoka zamu, wamevaa, wamecheza,
wamerudi tanurini na meno pungufu.
*Maji baridi kwanza, wee mtoto!*
*Damu haipendi moto.*
*Ukiichemsha inaapa haihami.*

Siku walipowalaza Wafaransa hapahapa nyumbani
maji yalitoka rangi ya divai,
naye akakataa kuyamwaga hadi kulipokucha.
Sijui kama ni kweli.
Paraschiva alikuwa na chumvi nyingi, na si ya kufulia tu.

Lakini ya Welisi nina hakika nayo.
Novemba, themanini na tatu.
Umeme wa mgao, sabuni ya foleni,
nami nimechuja majivu kama bibi yangu.
Walikuja wakiimba, wale, wakaondoka wameinama.
Jezi ya Haralambie, nguzo ya kulia ya skramu,
ilikuwa na duara dogo jekundu begani,
na mikunjo yake ndani, kila mkunjo:
sikio la mtu, limepigwa chapa.
Niliita majirani waje kuliona.
Tukacheka gizani, tumeshika mshumaa mmoja,
sisi tusio na nyama wala mafuta,
tuna sikio la Welisi.

Kisha Desemba ile.

Namba tano, Veniamin, mrefu hata nikianika jezi yake
pindo linagusa theluji.
Alikuwa askari, na zamu ilimwangukia.
Risasi haikuuliza alikuwa upande gani,
na mpaka leo waliopiga hawajakubaliana.
Jezi yake ya mwisho ilikuwa kwangu, bado kwenye kapu.
Mama yake alikuja Januari kuiomba.
Nikampa bila kuifua.
Aliinusa kwapani palepale mlangoni,
mimi nikageuka nikahesabu vibanio.

Baadaye mpaka ukafunguka, miguu ikajua njia.
Wenye mabega walikwenda Ufaransa kulipwa,
waliobaki wakaelea ndani ya jezi
kama watoto katika makoti ya baba zao.
Jani la mwaloni kifuani likaanza kuchuja rangi.
Nililalamika. Nani wa kusikia?

Halafu Uingereza. Mia moja thelathini na nne kwa sifuri.
Nilikuwa nimeandaa majabali mawili ya sabuni,
brashi mpya, siki.
Nikafungua begi.

Zilikuwa karibu safi.

Jasho lipo, ndiyo. Nyasi kidogo mgongoni.
Lakini kifuani, mabegani, mahali mtu anapokutana na mtu,
hakuna kitu.
Hawakuwa wamemfikia yeyote.
Nilizifua hata hivyo.
Nilizifua mara mbili.

Sasa kuna mashine, na kitambaa kisichoshika jambo,
ukikikung'uta tu kila kitu kiko sakafuni.
Nimestaafu. Nafua za vijana wa mtaani, bure,
kwa kuwa mikono haijui kukaa.

Juzi kaja mmoja, Ilarie, miaka kumi na minne,
sikio moja limevimba kama andazi.
Ana doa la tope kuanzia kidevuni hadi kitovuni,
anataka litoke kabla mama yake hajaliona.
Nikamwuliza, ulimkamata?
Akasema, mguu mmoja tu. Kiatu kikanibaki mkononi.

Basi liache, nikamwambia.
Liache mpaka Jumapili.